Mkalimani wa Bibi Sijaona

Kila Jumamosi pale kijijini Sepuka, Theodora alifagia uwanja, akateka maji, kisha akakimbilia kucheza rede. Jumamosi ile alizuiwa. Swaumu, mgeni aliyepanga chumba kwao, alihitaji mkalimani.

Swaumu alisomea shahada ya uzamivu. Chuo kilikuwa kimempeleka kwa miezi michache kwenye ofisi inayoandaa sera ya maji, ajifunze jinsi utafiti unavyosaidia kufanya maamuzi. Jumatatu angeishauri ofisi ni vijiji gani vitengenezewe pampu kwanza. Kinyaturu, lugha ya wazee wa pale, hakukijua hata salamu.

Walianza kwa Bibi Sijaona. Theodora alimwamkia, akatafsiri swali: je, pampu ya kijiji inamfaa? Bibi akaeleza weee! Mpini ni mzito, kifua kinambana, siku hizi anachota lamboni wanakokunywa ng'ombe, na tumbo halimwachi.

"Anasemaje?" Swaumu aliuliza.

"Anasema maji yapo."

"Maneno yote yale?"

"Ndiyo, dada. Wazee wanapenda kurudiarudia."

Uongo mtupu, tena wa kuudhi. Akili ya Theodora ilikuwa kwenye rede, na nyumba zilizofuata alizimaliza vivyo hivyo.

Jioni Swaumu alimwambia Mama Theodora kwamba Sepuka itawekwa mwisho, kwani hata Bibi Sijaona ameridhika.

Mama aliacha kusonga ugali. "Sijaona yupi? Huyu ninayempelekea uji kwa sababu ya tumbo?"

Theodora aliinamisha kichwa. "Mama, alikuwa anaongea sana."

"Anaongea sana kwa sababu anaumwa sana! Nimechoka na uvivu wako. Ulikopeshwa mdomo wa mtu mzima, ukaenda nao kwenye rede."

"Hata mimi nina kosa," Swaumu alisema kwa aibu. "Nilisikia mengi, nikaandika machache. Nilitaka kumaliza upesi."

Jumapili mchana walirudi nyumba kwa nyumba. Theodora alimwomba Bibi msamaha, kisha akatafsiri kila neno, hata pale Bibi aliposema maswali ya msomi huyu yanachosha. Koo lilimkauka, rede ikampita.

Jumatatu Swaumu alieleza yote, na ofisi ikaiweka Sepuka miongoni mwa vijiji vya kwanza. Theodora alirukaruka kwa furaha, lakini mama hakuwa amemaliza.

"Ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, umebeba ndoo yake," alisema. "Ukiyamwaga njiani ili upate wepesi, wewe utafika salama. Kiu itabaki kwake."