Faili Namba Moja

Kitu cha kwanza kilikuwa maji. Hayakuwa mengi, kiasi cha kulowesha soksi tu, chini ya mashine ya kuchonga, katika chumba kisicho na bomba wala paa linalovuja. Fundi aliyafuta kwa dekio asubuhi tatu mfululizo, akaendelea na kazi. Mtu aliyechoka haulizi maji yametoka wapi.

Alikuwa na lake lililomnyima usingizi. Karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia. Miguu ilichongwa na mashine, na mashine ilisikiliza programu moja tu, kongwe, ambayo walioitengeneza walishafunga biashara zamani. Kisha ikaletwa kompyuta mpya yenye mfumo mpya, wiki ile ile Mzee Plasta, fundi mkuu, aliyostaafu. Mkubwa wa ofisi aliisifu kwamba ina kasi maradufu, ile ya zamani akaiuza chuma chakavu kabla hajauliza mtu. Tangu siku hiyo programu ikifunguliwa inaonyesha uso wake wa kijivu, inakaa pumzi tatu, inajifunga.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Fundi alishaifuta na kuiweka upya mara tisa. Alishailazimisha ijione bado iko kwenye mfumo wa zamani, akazima ulinzi wote, akabembeleza, akatukana. Wagonjwa kumi na wawili walikuwa wakisubiri, na wa saba kwenye orodha alikuwa mama yake mzazi, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti. Kila jioni mama alimuuliza swali lile lile, bila lawama, na ndiyo maana liliuma: "Mashine imeamkaje leo?"

Jumatatu saa nne asubuhi aliona jambo ambalo angeliona mapema kama angekuwa analala vizuri. Programu haikuwa inakufa ovyo. Kila mara ilikufa ikisoma faili namba moja. Akaifungua faili ile, akakuta ni tupu. Faili nyingine zote zilikuwa na vipimo vya wagonjwa, hii ilifutwa siku Mzee Plasta alipoaga kazini. Akafanya ambacho fundi yeyote angefanya akitaka kujaribu: akanakili vipimo vilivyokuwa karibu, vya mama yake, akavitia humo.

Programu ikafunguka, ikatulia. Mashine ikaanza kunguruma kabla hajabonyeza kitu, ikachonga unyayo mmoja mzuri wa kulia, ikanyamaza. Fundi akacheka peke yake, akauweka unyayo sakafuni karibu na mlango upoe, akaenda kunywa chai kwa furaha yake ya kwanza mwezi ule.

Aliporudi haukuwepo. Chumba kilinuka plasta mbichi, na chini ya harufu ile palikuwa na nyingine, ya kisima kilichofunikwa muda mrefu, na kuanzia pale alipouacha unyayo alama za maji zilikwenda moja kwa moja hadi ukutani, zote za mguu wa kulia, wa kushoto hakuna, zimeachana kwa hatua ndefu kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kupita mlango ule, na alama ya mwisho ilikuwa nusu tu, kisigino kiko chumbani na vidole vimeingia ukutani. Simu yake ikalia.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini, "sitaki kukutia hofu. Ule mguu uliokatwa."

"Unauma tena?"

"Unatembea. Mimi nimekaa kitandani, nao unatembea. Unakanyaga maji ya baridi."

Wagonjwa wengi walimwambia mguu uliokatwa unawasha au unauma. Kutembea hakuwahi kusikia.

Mzee Plasta alimpokea sebuleni kwake, mchana kweupe, yuko peku. Alipotajiwa faili namba moja hakushtuka, ila mabega yalimshuka.

"Umempa vipimo vya nani?"

"Vya mama. Nilikuwa najaribu tu, Mzee."

"Pale pana mwenyewe, binti yangu. Yupo kabla ya mashine, kabla yangu mimi. Hana miguu, na anataka kutembea. Kila asubuhi kipande cha kwanza kilikuwa chake. Nyinyi niliwaambia napasha mashine moto."

"Kwa vipimo vya nani?"

Mzee alinyoosha mguu wake wa kulia. "Miaka kumi na tisa. Mwanzo ni maji tu, unazoea. Mwaka wa tano nikaanza kusikia ngazi."

"Za kwenda wapi?"

"Chini." Akachomoa pini kwenye pazia, akaidunga kisiginoni mwake, ikazama nusu. Uso wake haukubadilika. "Siku ya kustaafu nilifuta vipimo vyangu, nikidhani nimejitoa. Mguu haukurudi. Umebaki huko huko."

"Hakuna wa kumtoa?"

"Nilileta waganga watatu. Wa kwanza alisoma siku mbili. Wa pili alifukiza mpaka tukakohoa wiki nzima. Wa tatu alitazama ule ukuta, akanishauri nitafute soksi nzito."

"Nikifuta vya mama?"

"Ni siku moja tu, haujafika mbali, utamrudia. Lakini programu itakufa. Hiyo miguu kumi na miwili utaichonga kwa kisu?"

Alirudi karakana polepole, akiusikia mguu wake wa kulia kila ulipogusa chini. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa alikuwa amechoka. Mama yake alishanyang'anywa mguu ule mara moja, inatosha. Akavua kiatu, akachukua futi ya kamba, akajipima kama alivyowapima mamia ya watu: urefu, kisigino, kifundo. Akafuta vipimo vya mama, akaandika vyake, akahifadhi.

Simu ililia papo hapo. "Mguu umesimama," mama akasema, akashusha pumzi ndefu.

Wiki ile mashine haikugoma hata mara moja. Ijumaa, siku ya tano, aliuleta mguu nyumbani, akamfunga mama mikanda, akamshika mkono, kisha akamwachia. Mama akaenda hadi dirishani, akageuka, machozi yanamtoka.

"Kumbe mashine imeamka."

"Imeamka, Mama."

"Basi njoo tutembee wote, umekaa tu."

"Nakuja. Nimechoka kidogo."

Alibaki kitini. Soksi zake zilikuwa kavu. Mzee Plasta ilimchukua miaka mitano, lakini kompyuta hii ina kasi. Mguu wake wa kulia, uliotulia juu ya zulia mbele ya macho yake, ulipapasa ukingo wa jiwe lenye maji, ukashuka ngazi ya kwanza.