Debe la Okochi

Rafiki yangu Nerima wa machimboni Tiira, ambaye shimo la dhahabu lilimfukia mwanawe Okochi na mwili usipatikane, alikwenda mchana kwa Atai, kijana anayechajia watu simu, kuchaji yake. Atai alikuwa akitazama kwenye simu yake picha zinazorushwa na shirika la anga: dunia ikionekana toka juu, upande wenye giza.

Nerima akasikia kama humo simuni debe likigongwa mara tatu, kimya, kisha mara mbili. Akiwa shimoni, Okochi alikuwa akigonga debe lake hivyo akitaka kuvutwa juu kwa kamba.

“Waulize hao wa anga nani anagonga.”

“Mama Okochi, hao huulizwa ya mwezi, si ya Tiira.”

“Andika tu, mwanangu.”

Baadaye kidogo Atai akamsomea jibu polepole: “Asante kwa swali lako. Kamera yetu haina sauti.”

Akaizima simu. Debe likaendelea kugongwa, na mikono ya Nerima ikawa inatafuta kamba.