Taa Chini ya Maji

Taa ya kulia ya gari ilizimika pale Mnazi Mmoja, na ya kushoto ikaifuata kabla Seifu hajaingia Kariakoo. Ilikuwa alasiri, lakini wingu la masika lilikuwa limeifunika Bongo nzima hata mchana ukawa kama magharibi. Mvua ilimwagika kwa ndoo. Magari ya mbele yalionekana kama vivuli, na Seifu alijua kuwa lake halionekani kabisa.

"Tupite Gerezani kwa Ismail," alisema mkewe, Maimuna. "Ana globu za magari yaliyochinjwa kwa ajili ya vipuri. Zinawaka vizuri, na bei yake tunaimudu."

Seifu alimjua Ismail kwa jina tu. Ndiye aliyepeleka posa kwa kina Maimuna kabla yake, wazee wakamkataa. Wazee ndio waliokataa. Maimuna mwenyewe hajapata kusema neno. Jambo hilo lilimkaa Seifu kooni kama mwiba wa samaki. Lakini mfuko wake haukuruhusu globu mpya za dukani, akakata kona.

Ismail alitoka gerejini amejifunika kiroba kichwani.

"Mamu," alimwita Maimuna. "Habari za siku?"

Mamu. Seifu hakuwahi kulisikia jina hilo.

Ismail alifungua boneti, akachomoa globu zilizoungua, akapachika nyingine akizishika kwa kitambaa. "Kioo chake usikiguse kwa kidole, shemeji," alisema. "Mafuta ya mkono yanaiunguza mapema." Taa zote mbili zikawaka. Kisha akaomba lifti hadi Magomeni, maana usafiri ulikuwa umekatika. Maimuna alimkubalia kabla Seifu hajafumbua mdomo.

Kutoka kituo cha Fire kuteremka Jangwani, wawili wale walicheka habari za chuo cha Kurani walichosomea utotoni. Seifu alibana usukani. Chini bondeni, barabara ilikuwa imegeuka mto.

"Shemeji, hapo usiingie," alisema Ismail. "Tugeuze."

Angalisema Maimuna, Seifu angaligeuza. Alikanyaga mafuta.

Katikati ya maji injini ilikohoa, ikafa. Maji yakapenya milangoni, yakafika viti. Gari likanyanyuka nyuma, likazunguka.

"Dirishani," alisema Seifu. "Maimuna, tangulia."

Walipanda paa kwa magoti na kucha. Chini yao taa zilikuwa bado zinawaka ndani ya maji, madoa mawili ya manjano, na kwa mwanga ule Seifu aliona takataka zikikimbizwa kuelekea nguzo ya umeme upande wa Magomeni.

"Mkondo unaenda nguzoni," alisema. "Tukianguka, tuifuate nguzo."

Ng'amboni watu walikuwa wameuona mwanga. Sauti zikapaa: wanakuja, wana kamba. Ndipo bati lililosombwa likaligonga gari. Ismail aliteleza, ukingo wa bati ukampasua paja, na Seifu akamdaka kwa kifundo cha mkono.

"Mwambie Mamu asiache paa," alisema Ismail, maji yakimfika kidevuni.

Vidole vya Seifu vikalegea. Havikuteleza, alivilegeza. Maimuna alikuwa amegeukia sauti za watu, hakuwa akiona. Mvua ingebeba lawama yote. Lakini mshipa wa mkono ule ulikuwa ukimpiga kiganjani, mbio mbio, kama moyo wake mwenyewe. Alikaza tena. Alikaza hadi bega likalia, akamvuta mpaka kifua cha mwenzake kikalala juu ya paa. Chini yao taa zikazimika.

Vijana wa Magomeni walifika na kamba na mpira wa tairi, wakawavusha mmoja mmoja, Maimuna kwanza. Nchi kavu, Maimuna alipasua khanga yake, akalifunga paja la Ismail, kisha akakimbia kutafuta bajaji.

Wanaume wale wawili walibaki matopeni.

"Ulilegeza," alisema Ismail.

"Nililegeza."

Ismail alifumba macho. "Siku yangu ilikuwa haijafika. Haya yabaki kati yetu."

Seifu hakuweza kuyaacha yabaki. Maimuna aliporudi, alimweleza mwenyewe, bila kupunguza, mvua ikimchuruzika usoni. Maimuna aliinama, akamshika Ismail mabegani.

"Mshike miguuni," alimwambia Seifu. "Taratibu, asitoke damu."

Wakambeba pamoja. Ndani ya bajaji Maimuna alikilaza kichwa cha mgonjwa mapajani mwake, na Seifu akausikia wivu ukimpanda kama kawaida yake. Lakini leo alikuwa ameiona sura ya wivu huo, na aliuogopa kuliko maji. Akaiminya bandeji ya khanga kwa viganja vyote viwili, hakuinua mkono mpaka hospitali.