Kichwa Kilichokataa Wembe

Tao Wenxiu, shangazi wa bibi yangu, alikuwa kizingitini akimenya maharage mabichi siku tangazo lilipobandikwa. Ulikuwa mwezi wa sita, jua kali, panzi wanalia kwenye miforsadi. Wamanchu, wavamizi kutoka kaskazini mwa China, walikuwa wameshauchukua mji bila vita. Watu walitoa kodi wakanyamaza. Sasa likaja hili: kila mwanamume anyoe utosi na aache mkia wa nywele kisogoni, kama wao. Siku kumi. Atakayeng'ang'ania nywele, kichwa atakiacha.

Mumewe, Gu Boyan, mchonga vitana, hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Nyoa, baba watoto," Wenxiu alimnong'oneza. "Zitaota tena."

"Halafu watazinyoa tena. Mpaka mwanangu aamini alizaliwa hivyo. Mchele nimewapa, kodi nimewapa. Nywele alinipa mama."

Siku ya kumi na moja walimkata shingo darajani, mchana kweupe, mbele ya wauza samaki. Wakakifunga kichwa chake, kishungi kikiwa bado utosini, kwenye mti ambao kinyozi Pan, jirani yao, alibebea vyombo vyake begani, ili auzungushe mjini watu waone.

Wenxiu hakulia. Alikwenda kwa Kamanda Fei kuomba kichwa akazike. Fei alikuwa Mhan, Mchina kama wao, lakini sasa aliwatumikia Wamanchu. Alikuwa amenyoa hata kabla hajaambiwa.

"Amri inasema kila mwanamume," Fei alijibu, akitafuna mbegu za tikiti, Pan amesimama mbele yake na mti wake. "Marehemu ni mwanamume, au siyo? Pan, mnyoe. Mjane akishike kisitikisike."

Wenxiu akakishika. Askari wakacheka. Wembe ulipopita, aliinama kwenye sikio la mumewe, lililokuwa la baridi katika joto lile, akasema, "Usikubali."

Kichwa hakupewa; kilibaki mtini kwa Pan. Asubuhi, Pan aligonga mlango wa Wenxiu.

"Dada, njoo uone."

Kichwa kilikuwa na nywele. Nyeusi, ndefu, zimefungwa kishungi safi.

Pan alinyoa tena. Zikarudi. Akanyoa mara ya tatu, na alipokuwa anafuta wembe, aliziona zinachomoza. Polepole. Kama mvuke.

Fei alifoka kwamba huo ni ujanja wa mjane. Akanyakua wembe, akakinyoa mwenyewe mpaka ngozi ikachubuka. Damu ikatoka. Mbichi. Na kichwa kilikuwa na siku nne tangu kikatwe.

Safari hii nywele hazikurudi.

Kesho yake Fei hakutoka chumbani. Pan aliitwa kwa siri. Alimkuta kamanda kajifunga kitambaa kichwani, jasho linamtiririka.

"Ninyoe. Upesi."

Kamanda alipokifungua, nywele zikamwagika hadi kiunoni. Pan alinyoa. Zikaota. Alinyoa. Zikaota. Zilimfunika macho. Zikamwingia mdomoni. Zikajikusanya zenyewe utosini, zikajifunga.

Saa sita mchana mkubwa wake, Mmanchu, alifika kukagua askari.

"Bwana mkubwa, nimenyoa," Fei alilia. "Nimenyoa mara thelathini."

Mkubwa yule alikivuta kishungi kuona kama ni cha kweli.

"Amri ni ya kila mwanamume," akasema.

Walimkata palepale darajani. Wenxiu alisimama mbele kabisa, akatazama mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Pan.

"Nipe mume wangu."

"Mchukue, dada. Sitaki hata kuulizwa."

Alimzika. Watu walidhani moyo wake umetulia. Utulie kwa lipi? Tangazo lilikuwa bado ukutani. Mwezi huohuo Pan alikuja kumnyoa mtoto wa marehemu, na Wenxiu mwenyewe alikishika kichwa cha mtoto kwa mikono ileile, huku amekaza meno hadi jino likavunjika. Hakunong'ona chochote. Alitaka mtoto aishi. Hilo hakuwasamehe Wamanchu hadi anaingia kaburini.

Pale darajani, kwenye jiwe walipokuwa wakikatia watu, kumeota kitu kama kuvu, cheusi, laini. Wafua nguo husema ukikigusa kina mafuta, kama nywele za mtu. Kila mwezi wa sita serikali hutuma watu wakakikwangue. Mwaka juzi waling'oa jiwe lote wakaweka jipya.

Jana nimepita pale. Jiwe jipya limeanza kuota weusi pembeni.