Dawa Aliyoirudisha Eleri

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, Eleri Vaughan alijitoboa kidole, akasoma namba kwenye kipimo chake cha sukari, kisha akajidunga insulini tumboni kwa sindano iliyofanana na kalamu. Alikuwa na kisukari tangu utotoni, na sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, hakuhitaji kukumbushwa. Mama yake, Sioned, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikate, aliweka chai mezani, akauliza namba, akaitikia kwa kichwa, na siku ikaanza. Dawa zote alipewa na huduma ya afya ya umma, kupitia duka la dawa la mtaani, bila malipo.

Hapa Tredarran, katika mabonde ya kusini mwa Wales, tuna tabia moja inayonikera mpaka leo. Matibabu tumeyalipia sote kwa kodi zetu, lakini kuyatumia tunaona aibu. Mtu akivunjika mguu, neno la kwanza kumwambia daktari ni samahani. Jirani yangu mmoja, kifua kikimbana, alisimama kuosha vyombo kwanza ili watu wa gari la wagonjwa wasikute jiko chafu. Wakubwa wanaiita adabu. Watoto wanasikia, nao wanaigeuza kuwa fimbo ya kuchapia wenzao.

Fimbo hiyo ilimwangukia Eleri siku moja shuleni, wakati wa chakula cha mchana. Aliyeishika ni Mared Prosser, msichana wa darasa lake.

"Umejidunga tena?" Mared aliuliza kwa sauti, meza nzima isikie. "Kila siku, kila mlo. Hivi unajua unatugharimu kiasi gani?"

"Ni dawa tu," Eleri alisema.

"Ndiyo, dawa tu. Bibi yangu anapanda ngazi kwa makalio kama mtoto mchanga, nyonga imekwisha. Anasubiri upasuaji mwaka wa pili huu. Mama anasema hela zote zinaishia kwa watu wa dawa za maisha. Sasa nani mwingine hapa ana dawa za maisha?"

"Eleri angekuwa gari, wangeshamuuza chuma chakavu," alisema Gethin, mwenzao wa darasa, na wote wakacheka.

Tangu siku hiyo jina la Eleri likawa Bili. Akiingia darasani, mtu alisema, "Bili huyo, ficheni pochi." Akiomba ruhusa kwenda kupima sukari, walihesabu sarafu za kujifanya mezani. Mwalimu aliwakaripia mara moja, nao wakajifunza kusema kwa kunong'ona.

Jina lile lilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba aliliamini. Bi. Olwen, bibi yake Mared, alimfahamu. Alimwona kila wiki akipanda mtaa wao wenye mlima, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukishika kuta za nyumba za watu. Kila alipomwona, Eleri aliinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyemvunja ile nyonga.

Basi akaamua kupunguza. Alianza kujidunga nusu ya dozi, na siku nyingine robo, na kula kidogo ili sukari isipande sana. Dawa iliyobaki aliificha nyuma kabisa ndani ya friji, katika kopo tupu la aiskrimu.

"Namba?" mama yake aliuliza asubuhi.

"Saba," Eleri alijibu. Kipimo kilikuwa kimeandika ishirini na nne, namba ambayo ingemfanya mama yake aache chai na kukimbilia simu.

Mwili haudanganyiki kama mama. Kiu ikamshika, ya kunywa maji na kutamani mengine kabla hajameza. Sketi ikaanza kumvuka kiunoni. Alikwenda chooni mara kwa mara, na Mared akasema, "Sasa anamaliza mpaka maji." Eleri alijiambia kwamba kuumia kidogo si kitu, maadamu kuna mtu atakayefaidika.

Jumamosi, mama yake akiwa kazini, alitia maboksi matatu ya insulini kwenye mfuko na kushuka hadi duka la dawa. Tumbo lilimsokota na njia ilimchezacheza machoni, lakini moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alimkabidhi mfuko Bwana Idris, mfamasia.

"Nimezirudisha. Hazijafunguliwa."

"Daktari amekubadilishia dawa?"

"Ndiyo," alidanganya.

"Vizuri kwa kuzileta." Bwana Idris alifungua pipa la buluu nyuma ya kaunta na kuyatumbukiza maboksi yote matatu.

Eleri alishika ukingo wa kaunta. "Kwa nini unazitupa? Apewe mtu mwingine."

"Haiwezekani, mwanangu. Dawa ikishatoka mlangoni hapa, hatujui imehifadhiwaje. Hairudi kwa mgonjwa yeyote. Zote zinachomwa moto." Kisha akamtazama vizuri. "Mbona umepauka hivyo? Kaa kwanza."

Eleri hakukaa. Wiki zote zile za kiu na njaa zilikuwa ndani ya pipa, na hakuna aliyepata hata tone. Alitoka mbio, akafika kwenye benchi nje ya duka, akatapika.

Kwenye benchi hilo Bi. Olwen alikuwa amekaa akipumzisha mguu. Alimshika bega, akasikia pumzi yake ikinuka tamu kama tunda lililoiva kupita kiasi.

"Wewe si mtoto wa Sioned? Ngoja niwaite watu wa gari la wagonjwa."

"Usiwaite," Eleri alisema kwa shida. "Ni ghali. Wewe tengenezewa nyonga yako kwanza."

"Nyonga yangu? Nani kakutia maneno hayo?"

Eleri alikuwa ameshateleza chini. Bi. Olwen, ambaye kusimama tu kulimtoa machozi, alijiburuta mpaka kwenye kioo cha duka na kukigonga kwa fimbo hadi Bwana Idris alipotoka.

Madaktari walimweka Eleri kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Alilala na mirija mikononi, mashine ikilia kichwani pake, na usiku kucha nesi hakubanduka kitandani. Alipozinduka, jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba kitanda hiki kimekula hela nyingi kuliko maboksi yote aliyoyarudisha. Aligeukia ukuta na kulia.

Mama yake hakumbembeleza mara moja. "Kila asubuhi nilikuuliza namba," alisema, sauti ikiwa imekauka. "Kila asubuhi ukanitazama usoni ukanidanganya. Ningekuja kukuzika nikiamini ni saba." Ndipo akamkumbatia, akamkumbatia mpaka mashine ikapiga kelele na nesi akaja mbio.

Siku Eleri alipohamishiwa wodi ya watoto, Bi. Olwen alifika kwenye kiti cha magurudumu, kikisukumwa na Mared. Macho ya Mared yalikuwa mekundu.

"Huyu ameshaniambia alichokuwa akikuita," alisema Bi. Olwen. "Nimemleta asikie kitu ambacho hata yeye hakijui. Hospitali walinipigia simu mwaka jana. Walinipa siku ya upasuaji. Nikawaambia mimi mzee, wampe kijana mwenye kazi, sitaki kuwasumbua."

Mared aliachia kiti. "Bibi, wewe ulisema hawajakuita."

"Nilisema hivyo ili mama yako asinigombeze. Wamenirudisha mwisho wa foleni. Aliyepata nafasi yangu simjui, wala hanijui. Mimi naendelea kupanda ngazi kwa makalio."

"Kwa hiyo Eleri hakukuchelewesha. Nilimwita vile bure."

"Na kama angenichelewesha, ingekuwa haki kumwita hivyo?"

Mared alitazama viatu vyake. "Hapana," alisema. Kisha, bila kuinua kichwa, "Nisamehe, Eleri."

Eleri hakusema amesamehe. Alikuwa bado hajasamehe, na hakuna mkubwa aliyemlazimisha.

Bi. Olwen alisogeza kiti karibu na kitanda. "Nisikilizeni nyote wawili. Baba yangu alichimba makaa ya mawe. Kila wiki alikatwa kidogo kwenye mshahara, yeye na wenzake wote, ili daktari amtibu yeyote atakayeugua. Yeye hakuugua hata siku moja. Alikuja kuangukiwa na jiwe, akafia pale pale. Alichokatwa miaka yote kilitibu watoto wa wenzake, wenye vifua na wenye polio, na sikumsikia akiuliza ni nani anatumia kingi. Kilikuwa chao. Dawa yako nayo ni yako, Eleri, imeshalipiwa. Ukijinyima, hakuna anayepona. Sisi wawili tumejinyima, na tazama tulipo. Mgonjwa kazi yake ni kujitibu na kusema kweli."

"Wewe utawapigia simu?" Eleri aliuliza.

"Nitawapigia, lakini si sasa, wana kazi nyingi mno wakati huu."

"Jumatatu napiga mimi," alisema Mared. "Na wewe utakaa kimya, Bibi."

Nesi aliingia na kipimo cha sukari. Eleri alifungua mdomo kuomba radhi kwa kumsumbua, Bi. Olwen akainua fimbo yake, na Eleri akaufunga. Alinyoosha kidole.

"Namba?" aliuliza mama yake, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha muda wote.

Eleri alikitazama kipimo kwa muda. Haikuwa namba nzuri.

"Kumi na nne," alisema, na ilikuwa kumi na nne.