Pipa Lililobaki Bombani

Lori lilitumbukia kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mchimba ardhi, likalala ubavu katikati ya msitu, mbali kusini mwa kijiji cha Kasungami. Dereva, Lucien, alitolewa paja likiwa limepasuka hadi mfupani. Shemeji yake Dominique alilifunga kwa shati. Albertine, dada yake Lucien na mke wa Dominique, mtoto wao Martine akiwa mgongoni, alikimbilia nyuma ya lori kuchukua maji.

Hakukuwa na pipa.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Katanga, na Wakasai kama wao, watu wenye asili ya Kasai, walikuwa wakiwindwa mjini Elisabethville. Alfajiri ile Dominique, katekista, alipewa kazi moja tu: kujaza pipa na kulipakia. Lakini kwao gari halitoki bila baraka, na baraka za Dominique hazikuwahi kuwa fupi. Alibariki injini, akabariki matairi, hata honi hakuisahau. Milio ya bunduki iliposogea, waliruka garini wakaondoka. Pipa lilibaki bombani, limejaa pomoni.

"Mayi, shemeki," Lucien alinong'ona. "Kidogo tu."

Dominique akapiga magoti. Aliomba mvua, mwezi wa tisa, msitu ukiwa mkavu kama kuni. Wingu likatokea. Akapaza sauti zaidi. Wingu likapita na njia yake, na asubuhi nayo ikapita.

"Baba Martine, simama," Albertine alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mungu alishakutupatia mayi. Weye njo uliiacha ku robinet."

Maneno yalimchoma. Aliinuka kwa aibu, akang'oa kifuniko cha gurudumu, akateremka bondeni na kuchimba palipokuwa na majani mabichi. Ardhi ilikuwa ngumu, kucha zikang'oka. Hakuacha kuomba, ila sala ilikuwa fupi: "Bwana, mikono njo hii." Shimo lilipofika kiunoni, tope likaanza kutoa maji. Alichuja maji hayo kwa kanzu yake nyeupe ya ibada, akapanda mbio.

Lucien alikuwa amefumba macho. Maji yalimtiririka kidevuni. Hakumeza.

Albertine alimnywesha mtoto, kisha akanywa mwenyewe huku akilia.

Maji yale yaliwavusha mpaka kesho yake, wachoma makaa walipouona moshi wa moto waliouwasha. Waliwafikisha misheni, mwili wa Lucien ukiwa juu ya machela ya miti. Kaburini, katekista wa pale, Donat, alianza kuwafariji: "Bwana alitoa, na Bwana ame..."

"Apana, ndugu yangu," Dominique akamkatiza. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Musimutwike Mungu. Mayi, miye njo niliacha."

Donat akachukua jembe. Wakalifukia kaburi.

Baada ya maziko watu hunawa mikono. Dominique hakungoja kutumwa. Alitoka kisimani na ndoo, akawamiminia mmoja mmoja. Albertine alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono ikiwa imening'inia. Kisha akainyoosha.