Spika Tano na Kiti Kimoja

Jumamosi ile duka la vyombo vya umeme lilifurika watu, na kila sabufa ilinguruma ikitaka kuishinda ya jirani yake, hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Katikati ya vurumai hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, mkoba kaukumbatia kifuani kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini. Alikuwa mkutubi. Kutwa alitunza vitabu na kuwaambia watu, "Taratibu jamani." Jioni akirudi nyumbani, hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye tangu wazazi walipofariki, alikuwa ameolewa mji wa mbali, akaondoka na kelele zake zote.

"Sikia besi hiyo, dada!" muuzaji alipaza sauti. "Majirani watahama!"

"Sitaki wahame. Ndio watu pekee ninaowasikia," mkutubi alisema. "Huna filamu ambayo watu wamekaa tu wanaongea?"

Muuzaji alimtazama kama aliyeulizwa bei ya mvua.

Nyuma yao mtu alicheka, kicheko kisicho na dharau. Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri kwa pasi, ila kola imejaa vinywele vya watu wengine.

"Muwekee anachotaka, ndugu," alimwambia muuzaji. "Mtu hununua kiatu kwa mguu wake." Kisha akamgeukia mkutubi. "Mimi ni kinyozi, nimefuata redio ya kazini kwangu. Lakini nikuibie siri: maneno ya watu hutoka kwenye spika ya katikati. Kama mfuko ni mwepesi, usiumalizie kwenye lile boksi kubwa kama friji. Chukua seti ndogo ya spika tano, mradi ya katikati iwe safi."

"Na akili hizo umezipata wapi?"

"Akili ni nywele, dada. Mimi nazinyoa kutwa, nyingine huniangukia."

Mkutubi alicheka, akaziba mdomo kwa mazoea ya kazi. Seti ndogo ikawashwa. Ndani ya filamu mama mmoja aliuliza nani ameficha chumvi, na sauti ikaja karibu sana hata mkutubi akageuza kichwa kumtafuta. Kinyozi aliliona hilo. Mkutubi alipomaliza kulipa, yeye alimbebea boksi hadi barabarani, akasimama naye mpaka gari lilipopatikana.

Namba walikuwa wameshapeana. Tangu hapo simu ya mkutubi ikawa inaita kila jioni.

"Halo, mkutubi wangu. Mbona kimya?"

"Kimya ndiyo kazi yangu."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nangoja huo mshindo."

"Utangoja sana, mpenzi."

Neno lilikuwa limemponyoka. Upande wa pili kinyozi alikohoa, akauliza habari za mvua.

Alianza kumtembelea Jumapili. Sebule ilikuwa ndogo: kochi, meza, televisheni, na kiti chenye mikono karibu na dirisha, ambacho zamani kilikuwa cha mdogo wake. Kinyozi alizoea kukalia hicho. Bila kumwambia, mkutubi alikishonea mto mpya, kwa kitambaa alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

Jumapili ya tatu kinyozi alikuja na bisibisi na futi ya kupimia, afunge spika kama inavyotakiwa. Alipima, akapanda kwenye stuli, akashuka, akapima tena, jasho likimtiririka.

"Hiki kiti kinaziba spika ya nyuma," alisema. Akakinyanyua na mto wake, akakipeleka chumbani. Kisha akamshika mkutubi mabega, akamketisha katikati ya kochi. "Hapohapo. Usisogee. Fumba macho."

Sauti zikamzunguka kama watu waliotoka safari. Zilikuwa nzuri. Alipofumbua macho, kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi mkononi, anatabasamu. Mkutubi akaangalia pale dirishani, mahali palipokuwa wazi.

"Umezipata?"

"Nimezipata. Asante sana."

Asante ile ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kinyozi alingoja kidogo, akajifuta jasho, akaaga.

"Kanipangia nyumba ya mtu mmoja," mkutubi alimwambia mdogo wake kwenye simu. "Mwanamume mwenye nia ya kurudi hatoi kiti anachokalia."

"Dada, si alikuwa anatafuta sauti nzuri tu!"

"Basi kaipata."

Kinyozi alipopiga, mkutubi aliitazama simu hadi ikanyamaza. Kinyozi akapiga tena, na tena. Halafu akaacha.

Jioni mkutubi aliketi katikati ya spika zake tano. Watu walisalimiana nyuma ya masikio yake, sahani zikagongana kushoto, mtoto akacheka kulia. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Upweke wake wa zamani ulikuwa mtupu. Huu mpya ulikuwa na wageni, na wote walimpita bila kumwona.

"Nenda kamuulize," mdogo wake alimwambia hatimaye. "Mdomo si wa kulia wali tu, dada yangu."

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, mkutubi aliingia kwenye kibanda cha kinyozi. Benchi lilijaa. Mzee mmoja alikuwa chini ya shuka, kichwa kimenyolewa nusu.

"Kwa nini ulikitoa kile kiti?" mkutubi aliuliza, hata salamu hakutoa.

Mashine ilizimwa. "Kiti? Kilikuwa kinaziba spika."

"Na wewe ungekaa wapi?"

Kinyozi aliishusha mashine.

"Sikuwaza hilo," alisema polepole. "Mimi nanyoa nimesimama, nakula nimesimama. Watu huja kwangu wakakaa, wakaondoka. Sijawahi kuwa na kiti kwa mtu. Nilitaka wewe usikie vizuri, basi. Ukaniambia asante kama unamuaga fundi. Nikajua shughuli imekwisha."

"Nilikushonea mto!"

"Nikadhani ni wa mdogo wako."

"Wanangu," mzee alisema kutoka chini ya shuka, "oaneni au mninyoe. Nina kichwa nusu hapa."

Benchi zima liliangua kicheko. Mkutubi aliona haya, lakini hakuondoka.

"Jumapili njoo," alisema. "Uje ukae."

Kinyozi alikuja mapema alasiri, kola safi, koti mkononi. Kiti kilikuwa kimerudi dirishani.

"Spika ya nyuma haisikiki sasa."

"Isisikike. Kaa."

Alikaa, koti likiwa mapajani. Kabla wapenzi wa kwenye filamu hawajakutana, alikuwa amelala, miguu kainyoosha, viganja vimefunguka kama vya mtu aliyetua mzigo. Mkutubi alichukua rimoti, akapunguza sauti. Akapunguza tena, mpaka akaisikia pumzi yake.

Kinyozi alipozinduka alijifuta uso kwa aibu. "Imeishaje?"

"Sijui. Sikuwa nikiisikiliza."

Kinyozi aliutazama ukuta wa karibu na mlango.

"Mkutubi wangu, una msumari?"

"Spika ziko sawa, ziache."

"Si wa spika. Wa koti langu. Nimechoka kulishikilia kama mgeni." Akalinyanyua. "Kama utakubali, nikikaa, nikae moja kwa moja."

Mkutubi aliinuka, akaenda jikoni kutafuta nyundo.